Insha Niliyoandika Dhidi ya Dada Yangu

Dada yangu alinizidi akili. Nianze na hilo, maana nimelizunguka miaka mingi na sijaona faida yake.

Kwetu ni Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda, upande wa mashamba ya mpunga. Wasichana tulikuwa wawili, yeye mkubwa na mimi nikimfuata kwa miaka miwili. Alisoma shule ya msingi niliyokuja kusoma mimi, akasoma sekondari niliyokuja kusoma mimi, na kila nilikofika nilikuta jina lake limebandikwa ukutani kwenye karatasi ya waliofaulu. Walimu hawakuniita kwa jina langu. Waliniita mdogo wake. "Mdogo wake, simama." "Mdogo wake, hili swali dada yako angelijibu akiwa amelala." Walidhani wananitia moyo. Nyumbani baba alimwita yeye Mwalimu, kwa utani wenye matumaini ndani yake, na mimi aliniita jina nililobatizwa.

Nilimpenda. Watu wakisikia mtu anamwonea wivu ndugu yake wanadhani hakumpenda, na hapo ndipo wanapokosea. Ni yeye aliyenisuka nywele tangu nikiwa mdogo, ni yeye aliyenishika mkono nikajifunza kuandika herufi, na nilipougua malaria alilala pembeni yangu. Pamoja na hayo yote, kila aliposifiwa nilihisi kama kuna mtu kachota kwenye sahani yangu.

Alipokuwa kidato cha tatu alipata mimba. Ndio kwanza mimi nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza. Kijana mwenyewe alikuwa anasoma shule nyingine ya mjini, na yeye aliendelea kusoma kama kawaida. Dada akaondolewa shule. Mama alilia wiki nzima, na mimi nililia machozi ya kweli mbele ya kila mtu. Kisha muhula ukafungwa. Baba akaagiza nimletee ripoti yangu, akaisoma yote polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sababu shule aliishia darasa la nne. Alipomaliza akasema, "Sasa tumebaki na wewe." Nilitoka nje, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, na nikafurahi. Ilikuwa furaha ambayo huwezi kumwambia mtu, hata padri.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mnene, mcheshi, anayecheka na kila anayepita njiani. Naye sikuwa na kinyongo. Nilimbeba Jumamosi dada akienda shambani, na jioni nikitoka shule nilimchukua ili mama yake apike. Nilikuwa nimeizoea ile hali mpya: mimi ndiye mwanafunzi wa nyumba, yeye ndiye wa jikoni. Ukweli ni kwamba ile hali ilinipendeza. Nilipokuwa nafanya kazi za shule barazani nilikuwa natamka maneno kwa sauti kidogo, ili ayasikie.

Nilikuwa namalizia kidato cha pili habari ilipotoka redioni. Baba alikuwa ameitundika redio yake kwenye msumari pale barazani, kama siku zote wakati wa taarifa ya habari. Mtangazaji akasema serikali imeruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito warudi kwenye mfumo rasmi, ila kuna muda uliowekwa tangu mtu atoke shule, ukipita basi. Dada alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. Taarifa ikaendelea na habari za mpira.

Siku ya tatu baba alimuuliza mama, huku akivaa viatu, "Ile sketi yake bado ipo?"

"Ipo," mama akajibu. "Ila itabidi niitoe pindo."

"Basi itoe."

Mambo makubwa ya nyumbani kwetu huamuliwa hivyo, kwa maneno machache na watu wakiwa njiani kwenda kwingine. Dada aligeukia ukutani ili tusimwone uso. Mimi nikapiga hesabu. Januari ningeingia kidato cha tatu. Naye angerudi kidato cha tatu. Tungekaa darasa moja, pengine dawati moja, na ule mwaka na nusu ambao nilikuwa na jina langu mwenyewe ungekuwa umekwisha. Niliona wivu. Sitafuti neno jingine la kistaarabu zaidi.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana aliyehamia kutoka upande wa Sumbawanga, alitupa insha ya hoja. Alipenda tuandike mambo yanayosikika kwenye habari, si zile insha za "Shule yetu" na "Ng'ombe". Akaandika ubaoni: Mwanafunzi aliyejifungua arudi darasani au asirudi? Chagua upande mmoja uutetee.

"Na nyie mnisikilize," akasema, akigonga ubao kwa chaki. "Mimi sitaangalia umechagua upande gani. Hata ukichagua upande ambao mimi siupendi, nitakupa alama zako. Ninachotaka kuona ni umejengaje hoja, basi."

Naomba maneno hayo yakumbukwe kwamba niliyasikia. Nilikuwa nimekaa dawati la pili kutoka mbele na masikio yangu hayakuwa na tatizo.

Jumamosi tulikaa na dada tukipukuchua mahindi ya kupeleka mashineni, mtoto akiwa katikati yetu anachezea magunzi. Nikamwambia tumepewa insha.

"Insha ya nini?"

"Ile habari ya redioni. Ya kurudi shule."

Mikono yake haikusimama, ila kasi ilibadilika. "Wewe unaandika upande gani?"

"Wa kurudi," nikasema.

Ulikuwa uongo, na sikuwa nimeupanga. Au tuseme nilikuwa nimeupanga bila kujiambia. Nilitaka anisaidie, na nilijua asingenisaidia kumkandamiza.

Uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aache shule. "Basi usianze na huruma," akasema. "Mwalimu akikuta huruma kwenye mstari wa kwanza anajua huna hoja. Anza na maneno ya anayekupinga. Yaseme vizuri kabisa, kuliko hata anavyoyasema yeye. Msomaji aone humwogopi. Ukishamaliza, unayavunja moja moja."

"Haya, ya upande wangu ni yapi?"

Akanipa. Nadhani alikuwa akiyapanga kichwani tangu siku ile ungo uliposimama. Alisema mtoto wa mama aliyesoma hali chakula kilekile na mtoto wa mama aliyekatishwa, na kwa hiyo ukimfukuza mama umemfukuza na mtoto ambaye hajatenda lolote. Akasema mimba inatengenezwa na watu wawili, lakini adhabu anapewa mmoja, na mwenzake yuko darasani anaandika notsi. Akasema wanaodai kwamba kumrudisha kutawaharibu wengine waende wamuulize yeye mwenyewe, aliyejifungua, kama kuna msichana atakayemtazama akatamani kuwa kama yeye. Akachukua gunzi mikononi mwa mtoto, akampa jingine.

Mimi niliandika yote pembeni ya daftari. Nikamshukuru. Akasema nikimaliza nimsomee.

Sikumsomea. Jumapili baada ya ibada nilikaa peke yangu chumbani nikaandika kurasa mbili na nusu, na sijawahi kuandika kitu kwa urahisi namna ile. Nilifuata alivyonifundisha. Nilianza na maneno ya mpinzani, yaani maneno yake yeye, na niliyasema vizuri. Kisha nikayavunja. Hili la mtoto nikalijibu, hili la adhabu ya mmoja nikaligeuza, nikasema dawa yake ni kumwadhibu na wa pili, si kumsamehe wa kwanza. Lakini silaha yangu niliiweka mwishoni. Niliandika hivi, na bado nakumbuka kila neno: "Tunapomrudisha mama darasani, hatuulizi mtoto anabaki na nani. Anabaki na mdogo wake mama huyo. Leo atambeba jioni, kesho atambeba asubuhi, na keshokutwa dawati la mdogo mtu litakuwa wazi. Tutakuwa tumemrudisha aliyekosea kwa kumtoa ambaye hakukosea."

Hiyo haikuwa hoja ya kubuni. Ilitoka tumboni. Nilikuwa nimechoka kuwa mdogo wake, na kalamu ilijua.

Daftari lilirudi likiwa na wino mwekundu. Kumi na nane kwa ishirini, ambayo hakuna mtu darasani aliyewahi kuipata. Chini yake mwalimu aliandika: Vizuri sana! Hoja zina nguvu. Isomwe mbele ya wazazi. Aliniita pembeni akaniuliza hili la mdogo mtu nimelitoa wapi. Nikasema nimelifikiria tu.

Pale shuleni kwetu kulikuwa na desturi. Kwenye mkutano wa wazazi wa kufunga mwaka, insha moja bora ya kila kidato ilisomwa na mwandishi wake, ili wazazi waone watoto wao wanafundishwa. Wazazi waliingia darasa kubwa, wakabanwa kwenye madawati, magoti juu. Baba alivaa shati lake la kanisani. Mkononi alishika bahasha ya kaki, nami nilijua ndani yake mna nini, kwa sababu asubuhi nilimwona mama akizipanga: ripoti zote za dada, kuanzia kidato cha kwanza. Mkutano ukiisha baba alitakiwa aingie ofisini kwa mkuu wa shule, azionyeshe, na ajaze fomu ya kumrudisha. Dada alibaki nyumbani akisubiri.

Nikaitwa. Nikasimama mbele, nikasoma. Nilijua kusoma, hilo nalo nilifundishwa na dada, pale pa kushusha sauti na pale pa kunyamaza kidogo. Nilipofika kwenye dawati la mdogo mtu, mama mmoja wa mbele aligusa kifua. Nilipomaliza walipiga makofi, na baba mmoja akasema kwa sauti, "Mtoto kasema kweli tupu." Mwalimu wangu akasimama, akasema huu ndio uandishi tunaoutaka, watoto wa namna hii ndio fahari ya shule yetu. Alikuwa anasifia ufundi. Hakulisema hilo, kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno.

Nilimtazama baba. Alikuwa anaitazama bahasha. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na mkutano ulipofungwa alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake.

Nyumbani dada alitupokea uani, mtoto kiunoni. Alikuwa amefua sketi, ilikuwa imeanikwa kwenye kamba na pindo lake jipya.

"Baba, mkuu kasemaje?"

"Sikuingia," baba akasema. Akaegesha baiskeli. "Shule yenyewe haitaki, mwanangu. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nani kasema haitaki?"

Baba akanyoosha mkono kwangu. Nikampa daftari. Akalifungua ukurasa wenye wino mwekundu, akaweka kidole chini ya maneno, akayasoma mpaka mwisho. Akamwonyesha. "Angalia mwenyewe. Mwalimu kaweka vema. Kumi na nane. Kaandika hoja zina nguvu. Wamelisoma mbele ya wazazi wote, na mkuu wa shule amekaa palepale anatikisa kichwa kukubali. Redio inasema hivi, walimu wanasema vile. Sasa mimi nimpeleke binti yangu akadharauliwe?"

Nimeeleza kwamba baba aliishia darasa la nne. Alisoma wakati ambapo mwalimu akiweka vema, jambo ni kweli, na akiweka mkasi, jambo ni uongo. Mbili na mbili ni nne, vema. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto anaweza kuwekewa vema kwa kutetea jambo ambalo mwalimu mwenyewe halikubali. Na hakuwa peke yake. Siku ile wazazi wengi walitoka mle ndani wakiamini wametangaziwa msimamo wa shule.

Dada alilisoma daftari akiwa amesimama. Nilimwona anafika kwenye maneno yake mwenyewe, yale aliyonipa tukipukuchua mahindi, na nikamwona anaona nilivyoyafanya. Hakunitazama. Alimgeukia baba, na kwa sauti ya utulivu kabisa akasema, "Baba, hizi alama si za ukweli wa maneno. Ni za uandishi. Mwalimu anampa mtu alama kwa namna alivyopanga, hata kama yeye mwenyewe hakubaliani naye. Mwingine akiandika tofauti na hii anaweza kupata kumi na nane hizohizo."

Baba alikunja uso. Alitaka kuamini, niliona. Lakini aliyekuwa anasema ndiye mwenye shida, na mwenye shida hutafuta pa kushika. Kwa hiyo akanigeukia mimi, ambaye kwa maoni yake sikuwa na faida yoyote katika jambo hilo.

"Ni kweli anavyosema dada yako?"

Kulikuwa na neno moja tu la kusema. Ndiyo. Ningelisema, baba angegeuza baiskeli, shule ilikuwa bado haijafunga ofisi, na sketi ingekauka ikisubiri Januari. Niliitazama ile sketi kwenye kamba. Nikaona darasa, nikaona ubao wa matokeo, jina lake juu na langu chini yake, na mwalimu akiniita mdogo wake.

"Mwalimu hakuandika hivyo, baba," nikasema. "Ameandika hoja zangu zina nguvu."

Na huo haukuwa uongo. Ndiyo maana nilichagua maneno hayo.

Baba akatikisa kichwa, akamwambia dada anirudishie daftari, akaingia ndani. Mama akaenda kwenye kamba akaianua sketi ikiwa bado mbichi. Dada alinipa daftari mkononi, akalifunga kwanza vizuri ili kona zisikunjike.

Likizo ile tulipandikiza mpunga pamoja. Yeye alikuwa na mikono myepesi, mstari wake ulinyooka na wangu ukaenda kombo, na hata pale kwenye tope, baada ya yote niliyomfanyia, niliuonea wivu mstari wake. Alikuwa anaongea nami kama kawaida: leta miche, sogea huku, mtoto kaamka. Siku moja, bila kuinua mgongo, akaniuliza, "Baba alipokuuliza, ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akachomeka miche mitatu, minne. "Sawa," akasema.

Nilisubiri anitukane. Ningepumua. Lakini hakuongeza kitu, na sikupata nafasi ya kukasirika naye. Kabla ya shule kufunguliwa baba alikuwa ameshaongea na shangazi yetu wa Karema, ziwani, ambaye anakausha dagaa na alihitaji mtu wa kumsaidia. Dada akapanda basi la Karema na mtoto mgongoni na begi moja. Mimi nikaingia kidato cha tatu peke yangu. Muhula wa kwanza nilikuwa wa kwanza darasani, na baba akaisoma ripoti yote, kidole kikifuata mstari.

Mwezi wa tatu mwalimu wa Kiswahili alipita nyumbani kununua mchele. Baba akamkaribisha kiti. Wakaongea habari za mvua, kisha mwalimu akasema, "Mzee, yule binti yako mkubwa mbona hamkumleta? Nilikuwa nimemwandalia nafasi. Nilisikia alikuwa na kichwa sana."

Nilikuwa ninapima mchele hatua tatu kutoka kwao.

"Si mlisema hamtaki?" baba akauliza.

"Nani alisema?"

Baba akaeleza, taratibu, kuhusu wino mwekundu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashika paji la uso. Akaeleza kile dada alichokieleza uani, karibu kwa maneno yaleyale. Baba hakunipiga. Hakunitazama hata. Aliuliza kitu kimoja tu, kama muda bado upo, na mwalimu akahesabu miezi kwa vidole kuanzia siku dada alipotoka shule. Muda uliowekwa ulikuwa umepita wiki chache tu nyuma. Mwalimu aliondoka na mchele wake. Baba akalitundika shati lake msumarini, akakaa barazani mpaka jua likazama, na tangu siku ile hajawahi tena kuniomba ripoti. Nilikuwa nampelekea mwenyewe. Alikuwa anasema iweke mezani.

Siku hizi najitolea kufundisha shule ya msingi hapa Mpanda mjini, nikisubiri ajira. Dada yuko Karema bado, ana meza yake ya dagaa na samaki wa migebuka, na mwanawe anaenda shule. Tunapigiana simu sikukuu. Ananiuliza wanafunzi wangu wanaendeleaje, na mimi namuuliza biashara. Hatujawahi kuigusa ile habari.

Juzi, saa ya chai, redio ya hapa mkoani ilikuwa na kipindi cha wasikilizaji. Mada ilikuwa ziwa kufungwa kwa muda ili samaki wazaliane: ni sawa au si sawa? Walimu tulikuwa sita ofisini, tunakula maandazi. Watu walipiga simu, mmoja analalamika, mwingine anasifu, kelele tupu. Kisha akaingia msikilizaji wa kike kutoka Karema.

"Mimi nauza dagaa," akasema. "Kwa hiyo nianze na wale wanaosema ziwa lisifungwe, kwa sababu wanasema kweli, na mimi ni mmoja wao."

Niliijua sauti kabla hajafika kwenye dagaa. Aliyasema maneno ya wavuvi vizuri kuliko mvuvi yeyote aliyepiga simu kabla yake, watoto, chakula, nyavu zinazooza juani. Kisha akaanza kuyajibu moja moja, bila haraka, kwa nini ziwa lifungwe hata hivyo, na kwa nini anayelifunga awaambie watu mapema, wakati wa kupanda, ili mwenye nyavu awe ameshika jembe kabla ya njaa. Mtangazaji alisahau kumkatiza. Alipomaliza, mwalimu wetu mkuu alikuwa amelishika andazi hewani.

"Huyu dada ni hatari," mmoja akasema. "Huyu lazima ni mwanasheria."

"Mwanasheria anauza dagaa? Huyo ni mwalimu mstaafu."

"Sauti ya kustaafu hiyo? Mimi nasema kasoma chuo. Kaelezea jambo mpaka mimi niliyekuwa napinga nimekubali."

Waliendelea kumsifia, na mimi pale kwenye kona, mtu mzima, mwalimu, nilihisi kilekile. Mwezi mzima nilikuwa nikiandaa kikao cha somo langu na hakuna aliyenisifia hata kwa neno moja. Nikataka wanyamaze. Nikataka ashuke kidogo. Kwa hiyo nikasema, na nakiri nilisema kwa ajili hiyo tu, "Ni dada yangu. Hajasoma kokote. Aliishia kidato cha tatu."

Hakushuka. Macho yote yakanigeukia, na yalikuwa yamejaa heshima kwake, si kwangu.

"Kidato cha tatu?" mwalimu mkuu akasema. Akaliweka andazi chini. "Mtu wa namna hii? Sasa nani alimzuia asiendelee?"

"Mimi," nikasema.

Wakacheka, wakadhani natania, na mmoja akanimiminia chai.